Mgeni wa Tovuti Awe Mteja wa Kudumu: Ninavyouza Leso Kutoka Mombasa

Wafanyabiashara wenzangu wakinijia kwa ushauri, wengi huuliza watafanyaje watu waingie kwenye tovuti zao. Mimi huwauliza: wale walioingia jana, walitoka wamejua nini? Nauza leso, yaani khanga, mzigo nautoa hapa Biashara Street, na wateja wangu wengi wako Nairobi, Nakuru na ng'ambo. Tangazo huwaleta, sikatai. Kinachowabakisha ni kupata majibu kabla ya kuuliza, na kukumbukwa baada ya kulipa.

Kazi kubwa iko kwenye ukurasa wa bidhaa. Anayenunua leso dukani huikunjua. Hutazama pindo la kando na mji, yaani sehemu ya katikati, husoma jina, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, hupapasa kitambaa, ndipo aulize bei. Mtandaoni hawezi kupapasa, kwa hivyo picha na maelezo yako ndiyo mikono yake. Mimi huweka picha ya doti nzima, yaani leso mbili zilizo pamoja, ikiwa imekunjuliwa, nyingine ya jina kwa karibu mpaka herufi zisomeke, na moja ya mtu aliyejifunga ili upana uonekane. Chini naandika kama ni pamba tupu au imechanganywa, kama rangi huchuja ikifuliwa mara ya kwanza, na kama leso zimekatwa na kupindwa au bado. Hili la kupindwa watu wa mbali walikuwa wakiliuliza kila mara, maana si kila mtaa una fundi aliyezoea leso. Sasa mteja anaweza kuchagua apindiwe kabla ya kutumiwa, na wengi huchagua hivyo. Yasome maswali unayoletewa WhatsApp. Swali likijirudia, jibu lake mahali pake ni kwenye tovuti.

Na bei iandikwe, tafadhali. Mtu akiambiwa aje kuulizia bei faraghani, anahisi atatajiwa kulingana na anavyoonekana, na ana haki ya kuhisi hivyo. Picha nazo ziwe nyepesi, kwa kuwa wengi huingia kwa simu na bando ni la kununua.

Kwenye malipo usimsumbue. M-Pesa tunayo tangu 2007, hakuna haja ya kumfungulisha mtu akaunti na kumjazisha fomu ndefu kwa doti moja. Aone gharama ya kutumiwa mzigo mapema, ombi la malipo limtokee kwenye simu, aweke PIN yake, basi. Aliye ng'ambo awekewe njia ya kadi.

Wengi wakishalipwa hunyamaza, na hapo ndipo mteja hupotea. Mimi siku ya kutuma humpigia picha kifurushi pamoja na risiti ya basi, na kikishafika humuuliza kama rangi ameipenda. Ikiwa haifanani na ya kwenye picha, namrudishia nyingine na nauli ya mzigo ni juu yangu.

Dada mmoja wa Nakuru alitaka leso ya kumpelekea mavyaa wake, akachagua ya bei kubwa kwa uzuri wa rangi. Jina la leso hiyo lilikuwa la mafumbo, la kumpiga mtu kijembe, naye hakulielewa vizuri. Nikamweleza, nikamtumia picha za nyingine zenye majina ya dua na shukrani, akanunua ya bei nafuu. Ilipokaribia Idi alirudi na oda ya mawifi zake wote. Niliandika pembeni ya nambari yake: majina ya dua, rangi zilizokoza. Mzigo wa aina hiyo ukifika, yeye ni katika wa kwanza kujulishwa.

Lakini alijulishwa kwa kuwa alikubali. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mtu kukupa nambari ili apokee mzigo si ruhusa ya kumtumia matangazo. Muulize wakati wa kuagiza kama angependa habari za mzigo mpya, na akisema hapana, heshima iwe hapo. Kuwatia wateja kwenye kundi la WhatsApp bila kuwauliza ni kuanika nambari zao mbele ya watu wasiowajua. Mimi humwandikia kila mmoja peke yake, kabla ya Idi na msimu wa harusi, na anayesema inatosha nafuta jina lake kwenye orodha siku hiyo hiyo.