Jibu: Kath Walker na Oodgeroo Noonuccal ni mtu mmoja

Ndugu, umeuliza kwa nini mshairi wa Australia, Kath Walker, huitwa pia Oodgeroo Noonuccal. Alizaliwa mwaka 1920 kisiwani Minjerribah, Queensland, akaacha shule akiwa na miaka 13 na kufanya kazi za ndani mjini Brisbane. Hata hivyo, mwaka 1964 alitoa diwani ya kwanza ya mashairi kuchapishwa na Mwaborijini, yaani mwenyeji asilia wa Australia kama yeye.

Tukio linalonigusa zaidi ni la mwaka 1963, pale Waziri Mkuu Robert Menzies alipomkaribisha kinywaji, naye Walker akamweleza kwamba kule Queensland waziri huyo angeweza kufungwa kwa kumpa Mwaborijini pombe. Alizunguka nchi akipigania kura ya maoni ya mwaka 1967 kuhusu Waaborijini, ambamo zaidi ya asilimia 90 ya wapigakura waliridhia katiba irekebishwe, na kwa maoni yangu kazi hiyo haitenganishiki na ushairi wake.

Kuhusu jina, Australia ilipojiandaa kuadhimisha miaka 200 tangu Waingereza waweke makazi yao nchini humo, alipinga sherehe hizo kwa kurudisha nishani aliyotunukiwa na Malkia Elizabeth II mwaka 1970, akalishika jina Oodgeroo, yaani mti ambao gome lake hubanduka kama karatasi, pamoja na Noonuccal, jina la watu wake.