Ukitaka mayai ya kijani, muulize jogoo

Kijana mmoja wa Likoni ameniandikia wiki hii: "Shikamoo mama, nimeona picha za mayai yako ya kijani. Na mimi nataka. Ninunue kuku gani?" Marahaba, mwanangu. Tangu hoteli moja ya Nyali ianze kuchukua trei zangu, swali hili haliishi, na sitawaficha, linanifurahisha. Nilipoanza hapa Kisauni, mtaa mzima ulinicheka: mwanamke na akili zake anachagua kuku kwa ganda, na ganda lenyewe latupwa jaani!

Basi mwanangu, kwanza jogoo. Watu hununua tembe wazuri, wakawachanganya na jogoo yeyote anayewika, halafu wananipigia simu kulalamika. Jogoo hatagi, lakini urithi wa rangi anampa binti yake sawa na mama. Utamjuaje? Kwa yai alilotoka. Kwangu kila yai linaloingia kwenye mashine ya kutotoa vifaranga limeandikwa kwa penseli jina la koo aliyelitaga. Siku ya 18, nikiacha kuyageuza, kila koo mayai yake nayatia kwenye kikapu chake cha waya, ili siku ya 21 vifaranga wasichanganyike. Wakikauka manyoya tu, nawavisha pete za rangi miguuni. Muuzaji asiyeweza kukwambia jogoo wake alitoka yai gani, mwache na vifaranga vyake.

Rangi zenyewe hazina uchawi. Ubuluu ulikuja na kuku kama Araucana wa Chile, na umeingia ganda zima, nje na ndani. Mwaka 2013 watafiti waligundua kwamba chanzo chake ni kipande cha kirusi cha kale kilichojipachika kwenye urithi wa kuku. Hakimdhuru kuku wala mlaji, kwa hiyo jirani akikwambia mayai hayo yana ugonjwa, mkaangie moja ale. Kahawia nayo hupakwa juu ya ganda saa za mwisho kabla yai halijatoka. Kahawia juu ya buluu ndiyo kijani.

Chukua jogoo aliyerithi ubuluu kwa baba na kwa mama, mpe matetea wa Marans, wale wa Ufaransa wenye mayai ya kahawia iliyokolea. Binti zao wote watataga kijani. Ukiwapandisha hao na kaka zao, kama robo ya watoto watakosa ubuluu kabisa. Ukiwarudisha kwa Marans, watakaokosa ni kama nusu, ila wanaobaki ndio hutoa ile rangi ya zeituni ambayo wapishi wanaigombania. Wanaokosa ni kitoweo, usiwaonee huruma.

Sasa niwape kisa, maana bado kinaniuma. Nilipeleka trei zangu soko la Kongowea kwa dalali mmoja. Akachukua yai, akalilowesha kwa mate, akalisugua kwa kidole gumba mpaka kidole kikaingia wekundu. "Huyu mama anapaka rangi!" Watu wakajaa. Ni kweli, kahawia ya yai bichi husuguka, hasa yale yenye madoadoa, kwa kuwa imekaa juujuu. Nikaazima kikombe kwa muuza kahawa, nikalipasua yai pale pale, nikabandua ule utando wa ndani, nikawaonyesha ganda: buluu tupu. Nikamuuliza, brashi niliipitisha wapi? Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Radhi hajaniomba hadi leo, na mkewe hutuma mtoto kununua mayai kwangu.

Kuhusu mng'ao: yai hutoka na utando mwembamba unaoziba vitundu vya ganda na kuzuia vijidudu. Ukiliosha, umeuondoa, na ile sura laini ya unga imekwenda nao. Weka nyasi kavu kwenye viota, okota mapema, futa kwa kitambaa kikavu. Lenye mavi usilitie mashineni.

Halafu joto letu hili. Kaskazi ikipamba moto, Februari na Machi, kuku wanahema mchana kutwa, na kuku anayehema hutoa ganda jembamba. Kivuli, maji baridi, na magamba ya chaza yaliyopondwa kwenye chombo chake peke yake, kila kuku ale anavyohitaji. Wala usimhukumu tembe kwa mayai yake ya mwanzo, ndiyo yaliyokolea kuliko yote. Rangi hufifia kadiri anavyoendelea kutaga. Mimi nangoja miezi ipite ndipo niamue nani atabaki kuzalisha. Ganda likipauka ghafla na kukunjamana, huenda ni ugonjwa wa kupumua, sikiliza vifua vyao kabla hujalaumu jogoo.

Vijana mnapenda picha, kuandika hamtaki. Mnataka zeituni kizazi cha kwanza, na mkikosa mnasema mama yule ana siri yake. Siri gani? Daftari limening'inia mlangoni pa banda, kila mgeni analiona. Andikeni! Yai, koo, jogoo, tarehe. Asiyeandika anafuga rangi za watu.

Jogoo nilionaye sasa simuuzi, msiniulize. Ndugu zake wawili nitawatoa mwezi ujao, kwa mtu aliyekwisha kuwachanja kuku wake kideri.