Kwa anayeanza kupima leza ndogo: usiushangilie mstari mwembamba

Wiki zangu za kwanza maabara niliona mstari mwembamba ukichomoza kwenye spektra (grafu ya mwanga kwa kila rangi) ya waya wa GaAs, yaani semikonda ya galiamu aseniadi, upana nanomita 200, nikakimbia kumwita mkuu wangu: leza imewaka! Mzee akaitazama skrini kidogo, kisha akauliza, "Chini ya kizingiti, kabla nguvu haijatosha kuiwasha leza, hali ilikuwaje?" Nikabaki kimya. Nilikuwa nimepima nukta tatu tu, zote kwa nguvu kubwa. Kumbe ncha mbili za waya ni kama vioo, na mwanga wa kawaida ukirudirudi kati yake hutoa mistari hata pasipo leza.

Basi anza gizani. Pima tangu mwanga hafifu kabisa unaoweza kuushika, panda taratibu, chora grafu ya logi kwa logi. Leza huonyesha umbo la S, na mstari hukonda karibu na kizingiti. Ila kadiri kifaa kinavyokuwa kidogo na karibu fotoni zote (chembe za mwanga) zikaingia kwenye modi moja, yaani mtindo mmoja wa mtetemo wa mwanga, goti la S hulainika hadi unaweza usilione. Hapo grafu peke yake haitoshi. Itakubidi uhesabu fotoni na kuona kama g2, kipimo cha jinsi fotoni zinavyofika kwa pamoja au kwa kutawanyika, inatulia kwenye 1.

Jambo lililonigharimu zaidi ni hesabu ya nguvu. Doa la mwanga wa kuchochea lenye kipenyo cha maikromita 5 lina eneo la karibu maikromita 20 za mraba. Waya wa urefu wa maikromita 5 na upana ule wa nanomita 200 unaziba moja tu kati ya hizo 20. Kwa hiyo hata doa likiwa sawa kote, asilimia 95 ya mwanga inapita pembeni, na wa kwenye waya wenyewe haunyonywi wote. Ukikosea kipenyo mara mbili, msongamano wa nguvu umekosea mara nne. Na ukichochea kwa mapigo mafupi ya mwanga, sema. Miliwati 1 ya wastani, kwa mapigo milioni 80 kwa sekunde ya femtosekunde 100 kila moja, ni zaidi ya wati 100 kwenye kilele cha pigo. Anayeandika "miliwati 1" halafu akanyamaza, mimi simwamini.

Halijoto ya chumba ndiyo mtihani wenyewe. Leza za kwanza za diodi, mwaka 1962, zilihitaji ubaridi wa nitrojeni kimiminika. Kuwaka mfululizo bila ubaridi huo kulisubiri hadi 1970. Kwenye vifaa vyetu vidogo kuna adui mwingine: uso. GaAs iliyo uchi hupoteza elektroni usoni kabla hazijatoa mwanga, ndiyo maana waya huvikwa ganda la AlGaAs (GaAs iliyochanganywa na alumini). InP (indiamu fosfidi), semikonda nyingine, ina huruma zaidi. Kabla hujalaumu muundo wa kifaa, chunguza ngozi yake.

Halafu joto. Elektroni zikijaa, kilele husogea upande wa bluu. Waya ukipata moto, hurudi kwenye wekundu. Ukiona kimerudi hivyo, shusha nguvu hadi pale ulipoanzia, chukua spektra upya, uilinganishe na ya mwanzo. Zisipofanana, waya umeshaungua, na hujui umeungua kwenye nukta ipi. Mimi hutafuta waya mwingine.