Faili likigoma kushuka, usiifute mashine pepe

Wadogo zangu, nimevumilia mengi, lakini hili la kufuta mashine pepe nzima, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta halisi, kwa sababu faili moja limekataa kushuka limenishinda. Kila kundi jipya linakuja na mtu wake anayeandika "haishuki", basi. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna picha ya skrini, hasemi anapakua nini wala kwa njia gani. Kabla hujamaliza kumjibu, ameshahamisha mtandao kutoka NAT (mashine pepe inatoka nje kwa anwani ya kompyuta halisi) kwenda daraja (inajitokeza kwa anwani yake yenyewe), amerudi NAT, amezima fayawoli, amegusa DNS (inayotafsiri majina ya seva kuwa anwani), amewasha upya, na sasa anaweka mfumo mpya. Ukimuuliza kilichokuwa kibaya, hajui. Ikipona, hajui imeponywa na nini. Wiki inayofuata yuko palepale na mimi niko palepale naye.

Naandika nikijua kwamba snapshoti (hali za mashine zilizohifadhiwa ili kuzirudia) mnazijua, terminali mnaifungua, na tofauti ya NAT na daraja mmefundishwa hata kama siku hiyo mlikuwa mnasinzia.

1. Soma kosa.

Kwa sauti ikibidi. Kivinjari kina tabia ya kuficha. Kitakuambia tu kwamba upakuaji umeshindikana. Nenda terminali, andika `curl -fLO` na anwani ya faili, halafu `echo $?`. Ikitoka 6, jina la seva halikutafsiriwa, kaangalie DNS. 7, imeshindwa kuunganisha. 18, faili limekatika njiani. 22, seva imejibu kwa kosa, pengine 404, yaani anwani yako ndiyo mbovu. 28, muda umeisha. 60, cheti cha usalama cha seva hakijakubalika. Na 23 ni kwamba curl imeshindwa kuandika kwenye diski: imejaa, au folda si yako. Kuna kijana aliniapia kwamba mtandao wetu haufai, akataka tumwite mtoa huduma. Namba yake ilikuwa 23. Alikuwa anajaribu kuhifadhi faili kwenye folda ya root.

2. Jaribu anwani ileile kwenye mwenyeji, yaani kompyuta halisi.

Ikishindwa na huko, mgeni, yaani mashine pepe, hana kosa. Hatua hii inachukua sekunde chache, na ndiyo maana hakuna anayeifanya.

3. Ping isikudanganye.

Kuna mitandao ya NAT, kama ule wa hali ya mtumiaji wa QEMU (programu ya kuendesha mashine pepe), ambayo kwa kawaida haipitishi ping (kuita mashine nyingine na kusubiri ijibu) kwenda nje hata pale ambapo kila kitu kingine kinapita. Ukiona ping imekufa humo ukatangaza kwamba mashine haina intaneti, umekosea. Pima kwa kitu unachokitaka, yaani HTTP. Kwenye VirtualBox, programu nyingine ya mashine pepe, mgeni wa NAT kwa kawaida hupewa 10.0.2.15 na lango lake ni 10.0.2.2, kwenye mtandao wa kawaida wa libvirt (zana ya kusimamia mashine pepe) utaona 192.168.122 na kuendelea. Ukiona 169.254, mgeni hajapewa anwani na DHCP (huduma inayogawa anwani), acha kabisa kuhangaika na seva.

Kinyume chake ndicho kinachotesa watu zaidi. Ping inapita, kurasa ndogo zinafunguka, lakini faili kubwa linaanza kisha linaganda. Mgeni yuko kwenye NAT ya libvirt, mwenyeji yuko kwenye VPN. Hiyo nainusa kwa mbali: MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti moja. Mgeni anaamini anaweza kupokea pakiti za 1500, njia ya VPN inabeba pungufu (WireGuard kwa kawaida ni 1420), na mahali fulani katikati kuna fayawoli inayomeza ujumbe wa ICMP ambao ungemwambia mtumaji apunguze. Jaribu `ping -M do -s 1472`, kwa kuwa 1472 na baiti 28 za vichwa ndizo 1500. Ikikataa, teremsha namba mpaka ikubali. Kisha `ip link set dev enp0s3 mtu 1400`, ukiweka jina la kadi yako, na upakue tena. Nimeona mtu akiweka mfumo upya usiku kucha kwa ajili ya kitu kinachotatuliwa na mstari huo mmoja. Aliponiona naucheka mstari alidhani namcheka yeye. Nilikuwa nawacheka wote wawili.

4. Angalia saa.

Hapa niacheni nikae, kwa sababu hili ndilo lililonivua nguo.

Nilikuwa natayarisha mashine mama, ile ambayo wenzangu wote wangeinakili. Nikaihifadhi hali yake, nikaenda kwenye mambo mengine kwa wiki kadhaa, nikarudi kuiamsha. Mashine iliyohifadhiwa hivyo huamka ikiamini kwamba bado ni siku ileile iliyolala, isipokuwa kama kuna huduma ya kuisawazishia saa. Huduma ilikuwepo. Mimi ndiye niliyeizima, kwa sababu ilikuwa inajaza logi na mistari yake ilinikera.

Nikaanza kupakua. Hazina moja ya vifurushi inakubali, nyingine inakataa. Tovuti hii inafunguka, ile inalalamika kwamba cheti bado hakijaanza kutumika. Rudieni hapo: *bado hakijaanza*. Kosa lilikuwa limenieleza kila kitu. Vyeti vya Let's Encrypt vimezoeleka kudumu siku 90 na hufanywa upya kabla ya muda huo kwisha, kwa hiyo kwa mashine iliyobaki nyuma kwa wiki kadhaa, seva zilizobadilisha cheti karibuni zinaonekana zinaleta cheti cha siku zijazo, na zenye cheti cha zamani kidogo zinapita bila neno. Ndiyo sababu nyingine zilifunguka na nyingine zikagoma. Mimi nikaamua kwamba kuna mtu ameweka kichujio kwenye mtandao, nikakasirika kwa niaba ya uhuru wa mawasiliano. `date` ni herufi nne. Sikuziandika.

Nilichoandika ni `-k` kwenye curl, yaani usihakiki cheti. Kisha `--no-check-certificate` kwenye wget. Kisha, kwa kuwa fundi hafanyi kazi nusunusu, `git config --global http.sslVerify false`. Vyote vikashuka. Nikajipongeza, nikaiacha ile `-k` ndani ya skripti ya kusasisha zana, nikaifunga mashine mama na kuigawa. Wenzangu walipoiwasha upya, saa ikasomwa kutoka kwa mwenyeji na ikawa sawasawa. Ugonjwa ukaondoka wenyewe, dawa yangu mbovu ikabaki mwilini.

Baadaye tukahamia jengo lenye mtandao wa waya unaomtaka kila mtu aingie kwa jina na nywila kwenye ukurasa wa lango kabla ya kutoka nje. Mashine zetu zilikuwa kwenye daraja, yaani kila mgeni anajitokeza kwa anwani yake ya MAC (namba ya kadi ya mtandao). Mwenyeji ameshaingia, mgeni, mbele ya lango, ni mtu baki. Usiku skripti ikajiendesha. Ikaomba kifurushi, lango likajibu kwa niaba ya seva, likaleta ukurasa wake wa kuingia na cheti chake lenyewe, na curl, ambayo nilikuwa nimeikataza kumwomba mtu yeyote kitambulisho, ikapokea kwa heshima zote. Ukurasa wa HTML ukahifadhiwa kwa jina lenye `.tar.gz` mwishoni. Skripti ikafuta zana za zamani (inafuta kwanza, ndiyo, na aliyeiandika hivyo mnamjua), ikajaribu kufungua kifurushi, ikashindwa, ikaendelea mbele kana kwamba hakuna kilichotokea. Asubuhi hakuna mwenye zana.

Nami nikafanya kile ninachowakaripia ninyi. Niliwaambia wabadilishe aina ya kadi ya mtandao. Niliwaambia warudi kwenye snapshoti. Nilimwambia mmoja asakinishe upya. Nilikuwa natoa maagizo kwa sauti ya mtu anayejua, mpaka mtu mpya kuliko wote kwenye timu akaandika `file` na jina la kile kifurushi, ikamjibu kwamba ni hati ya HTML. Akafungua skripti, akaisoma kimya, kisha akaniuliza kwa adabu: "Kaka, hii `-k` ni ya nini?"

Zana zilirudi siku hiyohiyo. Kilichouma ni kwamba tokeni zetu za git (funguo za kuingilia) zilikuwa zimepita kwenye mawasiliano ambayo hakuna aliyehakiki yanaishia wapi. Hatukuwa na ushahidi kwamba zimechukuliwa, wala ushahidi kwamba hazijachukuliwa. Ikabidi tubadilishe tokeni ya kila mtu, na mimi ndiye niliyewaandikia watu kueleza sababu. Rasimu ya kwanza ilijaa vitenzi visivyo na mtendaji: "iliondolewa", "iliachwa", "haikuzingatiwa". Niliifuta. Niliyoituma ilianza na "Niliondoa".

Basi ukiandika `-k` mbele yangu nitakuuliza saa ngapi. Angalia `timedatectl`; kama unatumia chrony (huduma ya kusawazisha saa), `chronyc makestep`; kwa mgeni wa Windows, `w32tm /resync`. Na apt ikikuambia faili la Release bado halijaanza kutumika, inakuambia hichohicho.

5. Diski zipo mbili.

`df -h` ndani ya mgeni, kisha ndani ya mwenyeji. Diski pepe ya aina ya qcow2, au VDI inayokua yenyewe, ikiandikwa GB 100 imekuahidi tu. Inachukua nafasi kadiri inavyojazwa. Mwenyeji akiishiwa, mashine inasimamishwa katikati ya upakuaji, nawe unakaa unautazama mstari usiosogea ukilaumu seva.

Halafu kuna wale wanaoongeza ukubwa wa diski pepe kisha wanashangaa `df` haijabadilika. Umeongeza diski, sehemu iliyo ndani yake hujaigusa, wala mfumo wa mafaili ulio ndani ya hiyo sehemu. `growpart` kwanza, `resize2fs` baadaye kama ni ext4. Kwenye Ubuntu ya seva yenye LVM (mfumo wa kugawa nafasi ya diski) inawezekana hata huhitaji kuongeza chochote: kisakinishi mara nyingi huacha nafasi kubwa ya kundi la LVM bila kugawiwa. Andika `vgs` uone, kisha `lvextend -r -l +100%FREE /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv`. Dada mmoja tuliyekuwa naye aliiongeza diski mara tatu, mwenyeji akabaki anahema, na muda wote huo nafasi aliyokuwa anaitafuta ilikuwa imelala ndani ya mashine yake. Siku hizi ndiye anayewafundisha wengine LVM, na anawafundisha kwa ukali kunishinda.

`/tmp` kwenye mifumo kama Fedora inakaa kwenye RAM, na kwa kawaida haizidi nusu yake. Mgeni mwenye RAM ya GB 2 hawezi kuweka humo ISO inayozidi GB 1. Diski ya nje yenye FAT32 haipokei faili linalofika GB 4. Nafasi ipo na bado inakataa? `df -i`, huenda zilizoisha ni inodi, yaani nafasi za kuandikisha mafaili.

6. Proksi na sudo.

Umeweka `http_proxy` (anwani ya proksi, seva ya katikati ya kutokea nje), curl inapita, `sudo apt update` inagoma. Sudo kwa kawaida haibebi mazingira yako. Weka proksi ya apt ndani ya `/etc/apt/apt.conf.d/` na uache kunitumia ujumbe saa nne usiku.

7. Nakala mbili kwenye daraja moja.

Ukinakili mashine, iombe programu itengeneze MAC mpya. Hata ukifanya hivyo, wageni wawili wa Ubuntu wenye `/etc/machine-id` (faili la kitambulisho cha mashine) inayofanana wanaweza kupewa anwani moja na DHCP, kisha upakuaji wa wote wawili unakatikakatika bila mpangilio: huyu akipata, yule anapoteza. Tulizunguka na hili mchana kutwa, tukibadilisha waya. Lililotufumbua macho ni kwamba mmoja alipokwenda kupumzika na kuzima mashine yake, ya mwenzake ikaanza kwenda vizuri, aliporudi, ikaharibika. Kuna aliyependekeza kwa dhati kwamba asirudi. Futa yaliyomo kwenye hiyo faili ndani ya mashine mama kabla ya kuigawa, itajijaza yenyewe ikiwashwa.

8. Usianze upya kutoka sifuri.

`curl -C - -LO` au `wget -c` zinaendelea pale faili lilipokatikia, seva ikiruhusu. Likimalizika, `sha256sum`, na ulinganishe herufi zote 64 na zile zilizotangazwa na mwenye faili. Wale mnaoangalia nne za mwanzo na nne za mwisho, nawaona.

Na kama faili ni moja tu, unalihitaji sasa hivi, na mtandao wa mgeni umekushinda, lipakue kwenye mwenyeji, lihakiki hukohuko, kisha ndani ya folda yake andika `python3 -m http.server 8000` na ulichukue kutoka kwa mgeni kwa anwani ya mwenyeji. Uchunguzi ufanye baadaye ukiwa na utulivu. Ukimaliza, bonyeza Ctrl na C uizime hiyo seva, maana folda nzima iko wazi kwa yeyote anayeweza kuifikia mashine yako kwenye mtandao huo, na wengi wenu huianzishia kwenye folda ya nyumbani.