Kufundisha mkazo wa Kiingereza kwa Wabengali: kwa walimu wanaoanza

Mtaambiwa mapema kwamba Mbengali hutia mkazo mwanzoni mwa neno. Ni kweli, ila ni nusu ya habari.

Katika Kibengali mkazo hukaa kwenye silabi ya kwanza, nao ni mwepesi, haubadilishi maana ya neno. Tena silabi hiyo mara nyingi hutamkwa kwa sauti ya chini, kisha sauti hupanda kuelekea mwisho. Kiingereza mara nyingi hupandisha sauti palepale penye mkazo. Basi Mwingereza akisikia mwisho umepanda, hudhani mkazo uko huko. Ukimwambia mwanafunzi akaze zaidi, ataongeza kelele tu.

Nasi tuliokulia kwenye Kiswahili tuna mtego wetu, maana sikio letu hutafuta silabi ya pili kutoka mwisho. Chukua photographer: Mwingereza hukaza -to-, Mbengali hukaza pho-, nasi tusipoangalia tunakaza -gra-. Kabla ya kipindi, fungua kamusi uone alama ya mkazo.

Mimi huanza na irabu. Mbengali, kama sisi, huitamka kila irabu kikamilifu. Banana kwake ina a tatu zinazolingana. Kwa Mwingereza ya kwanza na ya mwisho hufifia, ya kati hurefuka. Wape mipira myembamba ya kufungia noti, waivute kwenye a ya kati na kuilegeza kwingine. Mkono ukilegea, na irabu hulegea.

Kisha nambari, na hapa msiwe na haraka. Thirteen na thirty, fifteen na fifty: mkazo ukiwa mwanzoni kwa zote, na kwa kuwa Kibengali hakitenganishi i fupi na ndefu, inabaki n ya mwisho peke yake, nayo humezwa kirahisi kwenye simu au dirishani pa duka la dawa. Mmoja ataje bei, umri, vipimo vya dawa, namba za mabasi, mwenzake aandike. Akiandika 30 badala ya 13, wote wawili wameshaona kosa. Anzeni na nambari iliyosimama peke yake, kwa sababu hata Waingereza huhamisha mkazo wa thirteen ikifuatwa na nomino.

Development yenye mkazo mwanzoni inaeleweka bila taabu. Hiyo iacheni hadi muhula wa pili.