Risasi Mia kwa Dakika Ishirini

Kwa miaka mitatu nilikwenda uwanja wa shabaha kama watu wanavyokwenda ufukweni siku ya Idi. Tulitoka Malindi wanne ndani ya gari moja, mara tu baada ya swala ya alfajiri, mahamri na mbaazi za moto zikiwa mapajani, na mazungumzo hayakukatika njia nzima. Tukifika, kila mmoja anatundika karatasi yake, anajaza magazini, anapiga. Risasi mia moja ziliniishia kwa dakika ishirini. Baada ya hapo ni picha na karatasi iliyotoboka, ni chai, ni safari ya kurudi na harufu ya baruti kwenye shati. Mke wangu akiniuliza nilikuwa wapi, nilimjibu: mazoezini.

Na niliamini hivyo kwa dhati. Ndiyo maana naandika, kwa sababu najua wako wenzangu wenye leseni hapa Pwani ambao wanaamini hivyo hadi leo.

Mimi ni mfanyabiashara. Niliomba leseni ya bastola baada ya kuvamiwa nikifunga duka usiku, na sikuichukulia kama pambo. Nilipita kwenye cheti cha mwenendo mwema, mahojiano, na baadaye lile zoezi la kuhakiki upya raia wote wenye silaha lililotangazwa Desemba 2018. Makaratasi yale yalinipa ruhusa ya kubeba. Uwezo wa kuipeleka risasi pale tu ninapotaka iende, na si kwa mpita njia aliye nyuma, ni deni langu mwenyewe, na kwa miaka mitatu sikulilipa.

Matundu yangu yalikuwa na tabia moja. Yalikaa chini, upande wa kushoto. Kwanza nikalaumu jua. Kisha nikailaumu bastola, hata nikamlipa fundi aisogeze alama ya kulengea. Ikawa nafuu kwa wiki moja, kisha matundu yakarudi kulekule.

Siku moja uwanjani alikuwapo mzee mmoja, mwanajeshi mstaafu mzaliwa wa Lamu. Alikaa kwenye kiti chake nyuma ya mstari akatutazama mpaka nikamaliza boksi la pili. Akaniita.

“Mwanangu, hizi risasi mia ulizopiga, ulikuwa ukitafuta nini?”

“Nilikuwa nafanya mazoezi, ami.”

“Mazoezi ya nini?”

Sikuwa na jibu. Akaomba magazini yangu, akanigeuzia mgongo, akaijaza risasi kumi. Saba zilikuwa za kweli, tatu za bandia, zisizo na baruti, zimechanganywa bila mpango. Akanirudishia: “Piga taratibu. Ukifika kwenye ya bandia, usiniangalie mimi. Uangalie mtutu.”

Ya kwanza ililia. Ya pili ililia. Ya tatu ikatoa mlio mdogo tu wa chuma, na mtutu wangu ukainama mbele kama mtu anayesinzia kwenye hotuba. Hapakuwa na mlipuko wala teke la bastola. Ulioinamisha mtutu ulikuwa mkono wangu, uliojikaza kulisubiri teke ambalo halikuja.

Hapo ndipo nilipoelewa mambo mawili. La kwanza, risasi hutoka kwenye mtutu kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, kabla mkono haujapaa. Teke lenyewe haliharibu shabaha. Kinachoiharibu ni kule kujikaza kabla ya mlio, na kwa anayetumia mkono wa kulia kosa hilo huipeleka risasi chini kushoto. La pili ndilo lililoniuma zaidi. Kila nilipopiga risasi mia kwa haraka, mlio ulikuwa ukilificha kosa lile. Mlipuko unatokea, bastola inaruka, moshi, ganda linadondoka, na wewe huoni kilichofanywa na kidole chako. Nilikuwa nimeurudia mshtuko ule mara maelfu. Nilikuwa nimeufundisha mkono wangu kushtuka, na ulikuwa umehitimu.

Waliosoma chuoni utotoni watanielewa upesi. Mwalimu wangu wa Kurani aliniweka kwenye herufi moja, dhaad, siku nne. Wenzangu walikwishavuka sura, mimi bado natamka, ananikatiza, natamka tena. Angeniacha nisome juzuu nzima kwa mwendo wangu, ningeimaliza na kosa lile lile likiwa limeota mizizi. Kusoma sana na kusomeshwa ni vitu viwili. Bastola ni hivyo hivyo, na ajabu ni kwamba nililijua jambo hili tangu nikiwa na miaka saba, ila sikufikiri kwamba linahusu na silaha.

Ami alinipa hesabu moja ambayo mpaka leo inakaa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu. Bastola ya kawaida ya milimita 9 ina kinundu cha kulengea mbele na mwanya wa kulengea nyuma, na kati yake ni kama sentimita 16 tu. Kinundu kikipotoka ndani ya mwanya kwa milimita moja, risasi inapotoka zaidi ya sentimita 4 ukiwa mita 7, na kama sentimita 15 ukiwa mita 25. Lakini kama kinundu na mwanya vimekaa sawa, na mikono yako inatikisika kidogo kiasi cha kuzungusha bastola nzima ndani ya eneo la sentimita 2, kosa lako ni hizo hizo sentimita 2. Kwa hiyo jicho libaki kwenye kinundu cha mbele, karatasi ionekane ukungu, na kutikisika usikuogope. Wengi tunapambana na mtikisiko, tunangoja nukta ya utulivu, na ikifika tunakivuta kifyatulio kwa pupa tusiipoteze. Pupa hiyo ndiyo inayotupotosha.

Tangu siku ile, kazi kubwa naifanya nyumbani, na haigharimu risasi hata moja. Sisi tunaishi Shela, mji wa kale wa Malindi, na ukuta wa chumba cha nyuma ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake karibu dhiraa moja. Nausema ukuta kwa sababu ndio mwanzo wa kila kitu. Mazoezi makavu, yaani kuvuta kifyatulio bila risasi, yanataka bastola tupu, lakini yafanye kana kwamba si tupu. Risasi zote zinabaki chumba kingine, mlango umefungwa. Natoa magazini, nafungua chemba risasi inapokaa, natazama kwa macho na kupapasa kwa kidole, kisha narudia tena. Watoto hawaingii. Nalenga ukuta ule tu, usio na mtu nyuma yake. Na nikimaliza, natamka kwa sauti: “Mazoezi yamekwisha.” Hilo la mwisho usilione dogo. Hatari kubwa ya mazoezi makavu iko mwishoni, mtu amekwisha kurudisha risasi, mawazo yake bado yako kwenye zoezi, anasema moja ya mwisho. Baada ya kutamka maneno hayo, hakuna moja ya mwisho kwangu. Kama bastola yako ni ile ndogo ya .22, usiivutie tupu bila kumuuliza fundi, kwa sababu nyingi za aina hiyo huharibika.

Zoezi lenyewe ni jepesi kulieleza. Naweka sarafu ya shilingi juu ya mtutu, karibu na kinundu cha mbele, kisha nakivuta kifyatulio mpaka kilie. Sarafu isidondoke. Naikoki upya, naiweka sarafu upya. Mara ishirini, dakika kumi, baada ya alfajiri kabla mji haujaamka. Mwezi wa kwanza ilidondoka karibu kila mara. Nilikuwa nikidhani kidole kinavuta peke yake; kumbe kiganja kizima kilikuwa kinakamua, kama mtu anayekamua ndimu. Nilihitaji wiki tatu kukifundisha kidole kimoja kufanya kazi na vinne vingine vikae kimya.

Uwanjani sasa napeleka risasi hamsini, si mia, na zinanichukua saa moja na nusu. Tano za mwanzo napiga polepole kutoka mita 7, kabla sijapasha mwili, na karatasi hiyo naihifadhi na tarehe yake. Huo ndio ukweli wangu wa siku hiyo, kwa sababu mtu akivamiwa hapewi nafasi ya kujipasha. Ishirini zinazofuata nazichanganya na za bandia, na magazini anajaza mwingine ili nisijue mpangilio. Ishirini nyingine ni za swali nililolileta kutoka nyumbani, jambo moja ninalotaka kulipima siku hiyo. Tano za mwisho ni kama za mwanzo, kwenye karatasi mpya, nilinganishe.

Jambo jingine alilonifundisha ami ni kuitaja risasi kabla ya kuitazama. Ukishapiga, sema: juu kidogo, kulia. Kisha ndipo utazame. Kama jicho lako lilikuwa kwenye kinundu hadi mlio ulipotoka, utajua. Kama hujui, basi hukuwa ukitazama, hata kama tundu limeangukia katikati. Miezi ya kwanza nilikuwa nabahatisha. Sasa nikitaja kumi, nane huwa kweli, na furaha ya kuitaja sawasawa risasi mbaya imenizidi ile ya tundu zuri nisilojua lilikujaje.

Daftari ni la shule, kurasa 48. Naandika tarehe, umbali, swali, jibu. Wakati wa kaskazi naandika na joto pia, kwa sababu nimeona kwamba ikifika saa nne na nusu mikono inaloa jasho na mshiko unalegea. Matundu ya baada ya hapo si mazoezi tena. Ukichoka, acha. Risasi kumi zilizobaki zirudi nyumbani. Hili liliniwia gumu kuliko yote, kwa sababu mtu ukishasafiri mbali hivyo unaona haya kurudi na boksi halijaisha.

Maadamu nimetaja joto, nitaje na mengine mawili ya hapa kwetu. Hewa ya bahari ina chumvi, na bastola iliyowekwa bila kupakwa mafuta huanza kutu upesi kuliko ya mtu wa bara. Na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, kwa sababu risasi huacha vumbi la madini yenye sumu kwenye vidole. Nikikumbuka mahamri tuliyokula kwa mikono ile, namshukuru Mungu.

Wakati wa Olimpiki ya Paris 2024, picha ya yule mlengaji wa Uturuki, Yusuf Dikeç, ilizunguka hadi barazani kwetu. Fulana, miwani ya kawaida, mkono mmoja mfukoni. Vijana wakasema mtu huyu alikuwa anapita njia tu akaokota bastola. Niliwaambia, na nawaambia tena hapa: alikuwa na miaka 51, na mashindano ya Olimpiki aliyaanza Beijing 2008. Katika shindano lile la bastola za hewa, alilopata medali ya fedha pamoja na Şevval İlayda Tarhan, duara la alama kumi lina upana wa milimita 11.5, kama ukucha wa kidole kidogo, na wao wako mita 10. Ule utulivu mnaouona ni matokeo ya miaka ya kuondoa kila kisichohitajika. Ukiuiga mkono wa mfukoni tu, umeiga mfuko.

Sisemi kwamba kupiga kwa kujifurahisha ni vibaya. Wenzangu wale watatu bado tunakwenda pamoja, na kuna siku moja kwa miezi kadhaa ambapo tunatundika makopo na kushindana na kucheka. Ila siku hiyo inaitwa kwa jina lake, na nikirudi simwambii mke wangu nilikuwa mazoezini. Mmoja wao amenunua daftari. Mwingine ananiambia nimeipoteza raha yote, na simlaumu, kwa sababu miezi ile ya mwanzo ilikuwa kweli haina raha: unakwenda mbali, unalipia, unarudi umeoneshwa kosa lako mara ishirini. Raha ilirudi mwezi wa tano, siku karatasi ya risasi tano za mwanzo ilipotoka na matundu yote katikati, yanafunikwa na kiganja kimoja. Niliipiga kabla ya chai, kabla ya kupasha mwili, kabla ya mtu yeyote kuniangalia.

Kasi niliichelewesha kwa makusudi. Mwaka mzima sikuchomoa bastola kwenye ala kwa haraka, wala sikutumia saa. Ami alisema kosa la polepole likipewa kasi linabaki kosa, ila hulioni tena. Sasa ndiyo nimeanza, na nimekuta tatizo jipya: nikichomoa na kupiga mbili, ya kwanza inakwenda juu na ya pili inakaa. Nimelifanyia kazi ukutani wiki mbili na nadhani mshiko wangu haujakamilika wakati mkono unapotoka kwenye ala. Jumamosi nitalipima. Risasi hamsini, kila moja kutoka kwenye ala, moja tu, kisha nairudisha, natazama, naandika. Sitapiga ya pili hata mara moja.