Muombe kitu: kwa dada aliyeuliza kuhusu jirani asiyekuja jumuiya

Tumsifu Yesu Kristo dada, na wadau wengine habari za jioni.

Kwa aliyeingia sasa hivi, swali ni hili. Dada yetu anasali jumuiya ndogondogo ya Kikatoliki. Ana jirani anayeishi na mwanaume bila ndoa, watoto wa nyumba ile hawana baba mmoja, na jumuiya mama huyo hakanyagi. Dada amekuwa akimpelekea unga na nguo za watoto, na kila akienda anamsihi arudi kwenye sala. Jirani anapokea, anashukuru, haji. Sasa mwenyekiti wao kamwambia dada kwamba anayeingia nyumba ile anaunga mkono uzinzi. Anauliza atampendaje yule mama bila kuonekana kabariki maisha yake, na yule mtoto mdogo atabatizwaje.

Nakujibu kama mtu niliyekuwa katibu na baadaye mwenyekiti wa jumuiya huku Mbagala. Teolojia sijasomea. Makatekista wamo humu, watanisahihisha.

Unga simamisha kidogo. Muombe yeye kitu.

Sisemi msaada ni mbaya. Nyumba isiyo na chakula inahitaji chakula, na Mathayo 25, ile ya "nalikuwa na njaa, mkanipa chakula", haijafutwa. Ila kwa ulivyoeleza, mama yule ana biashara yake na watoto wanakula. Anachopata kwako kila ukienda ni mfuko na mahubiri. Mtu wa kupokea tu siku zote anajua amewekwa kundi gani, hata asipoambiwa. Kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu, na wewe vitu vyako vyote umepeleka kwenye mfuko usiorudi. Sasa atakuja kwako na nini?

Fungua Yohana 4. Yule mwanamke wa Samaria kesi yake ni hii hii ya jirani yako, tena imezidi: alikuwa na waume watano, na aliyenaye sasa si mume wake. Yesu anayajua yote hayo kabla hajafungua mdomo. Neno lake la kwanza ni "Nipe maji ninywe." Anaomba. Habari ya waume inakuja baadaye, katikati ya mazungumzo, na mwanamke hakimbii kwa sababu tayari wanaongea kama watu wawili. Halafu nenda Luka 19. Zakayo yuko juu ya mkuyu, na anayemwita hamwambii "njoo nikusaidie". Anajialika: "leo imenipasa kushinda nyumbani mwako." Zakayo ndiye anakuwa mwenyeji. Na watu walinung'unika kwamba ameingia kwa mtu mwenye dhambi. Maneno ya mwenyekiti wako yameshasemwa zamani, Yeriko.

Sasa nikueleze ya kwetu.

Jumuiya yetu ilikuwa inasali Jumamosi saa 12 na nusu asubuhi, nyumba kwa nyumba kwa zamu. Nilipokabidhiwa ukatibu nilipewa daftari mbili, ya ratiba na ya michango. Kwenye ya michango kulikuwa na mama mmoja anayeuza vitumbua, nitamwita hivyo hivyo, Mama Vitumbua. Jina lake lipo, mchango wa msiba katoa, mavuno katoa. Kwenye ratiba ya sala hayupo. Zamu inatoka nyumba ya kulia kwake inaruka kwenda ya kushoto. Niliuliza wazee kama kuna kikao kilichoamua hivyo. Hakuna. Hakuna aliyewahi kuamua chochote, imekwenda hivyo tu. Hela yake tunaipokea, mlango wake tunaupita.

Maelezo yaliyokuwa yakitembea ni kwamba haji sala kwa sababu ya aibu, maana anakaa na mwanaume hawajafunga ndoa. Siku moja nikaenda kununua vitumbua saa ile ile ya sala. Mkaa umekolea, chuma cha vitumbua kimejaa, anageuza kimoja kimoja kwa kijiti huku mkono mwingine unachota uji wa mchele. Watoto wamepanga foleni na mabakuli, bodaboda wawili wanamharakisha. Ikifika saa 2 hana mteja tena. Hiyo saa 12 na nusu yetu ndiyo saa yake ya ada za watoto. Miaka yote tunamjadili dhambi yake, na hakuna aliyemuuliza anafanya nini Jumamosi asubuhi.

Nilikwenda kwa paroko kwanza. Nakushauri na wewe usianze na kikao, kikao kina watu wanaojibu kwa ajili ya kusikika. Paroko alinijibu kwa kifupi: sala ya jumuiya si sakramenti, Injili inasomwa nyumba yoyote itakayoipokea, na suala la Komunyo aachiwe yeye. Ndipo nikaenda kwa mama. Sikumwambia arudi. Nilimwambia jumuiya inaomba aipokee nyumbani kwake, jioni, siku atakayoona inamfaa.

Alikaa kimya kidogo, akauliza, "Mnakuwaga wangapi, baba? Mimi nina viti vinne."

Basi nikajua tumefika. Mtu anayeuliza viti ameshakubali.

Jioni ile baadhi ya watu hawakutokea, na wawili walinipa sababu ambazo hata wao hawakuziamini. Waliokuja walikuta uwanja umefagiwa, stuli imetandikwa kitenge, mshumaa na msalaba juu yake. Yule mwanaume wake ndiye aliyekuwa anabeba viti kutoka kwa jirani Mwislamu, anapanga. Tulikuwa tunapishana naye njiani kila siku, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza wengi wetu kumpa mkono. Hakukaa ndani ya duara. Alikaa kwenye kizingiti na mtoto mapajani, akasikiliza mpaka mwisho. Hakuna aliyetoa tafakari ya uchumba sugu, nilikuwa nimeomba hilo mapema kwa wale ninaowajua.

Baada ya hapo mambo hayakwenda kama sinema. Walioudhika walibaki wameudhika, na familia moja ilihamia jumuiya ya jirani. Kilichobadilika ni kitu kidogo kinaitwa masufuria. Jumuiya ina masufuria yake makubwa ya misiba, yameandikwa kwa rangi nyekundu, na siku zote yalikaa kwa mtu mwenye geti. Ulipotokea msiba, Mama Vitumbua alipika. Mwanamke aliyezoea kukadiria mchele na mkaa kila siku anapika wali wa watu mia usiungue. Kikao kilichofuata akina mama wenyewe, mimi sikutia neno, wakasema masufuria yakae kwake kwa kuwa yeye yupo nyumbani muda wote. Tangu hapo mwenye msiba, mwenye kipaimara, mwenye ugeni, wote lazima wabishe hodi kwake. Hata yule mama aliyekuwa anavuka barabara akimwona.

Kwa hiyo ninaposema muombe kitu, sina maana ya kumtega. Kiwe kitu unachokihitaji kweli na yeye anakiweza. Kama anajua kusuka, akusukie mwanao, ulipe. Kama ana mkono wa kupika, mwite kwenye shughuli yako akasimamie jiko, sio akaoshe vyombo. Mwachie mtoto wako mchana mmoja ukiwa na safari. Hilo la mtoto linasema mengi kuliko kilo tano za unga.

Sasa mwenyekiti wako. Usimdharau, ana andiko. Atakutolea 1 Wakorintho 5, kwamba mtu aitwaye ndugu akiwa mzinzi msile hata chakula pamoja naye. Lipo, na hatulifuti. Ila msomeeni sura nzima. Paulo pale anashughulika na mtu aliyekuwa na mke wa baba yake, na kanisa linajivuna badala ya kusikitika. Halafu kwenye orodha ile ile kuna mlevi, mtukanaji na mwenye tamaa. Mimi nimezunguka jumuiya nyingi za parokia yetu na sijawahi kuona nyumba ya mtukanaji ikirukwa kwenye zamu. Mlevi tunamwita mzee wetu na tunampa uenyekiti wa kamati ya harusi. Ukiamua kulitumia andiko hilo, litumie kwa wote, uone utabaki unasali na nani.

Na asikutishe kwamba kumpokea mtu ni kubadili mafundisho. Papa Yohane Paulo wa Pili, ambaye hakuna anayeweza kumwita mlegevu, aliandika mwaka 1981 kuhusu waliotalikiana wakaishi na wengine. Aliwataka wachungaji na jumuiya nzima ya waamini wawasaidie wasijione wametengwa na Kanisa, kwa sababu wamebatizwa na wana sehemu yao humo. Na papo hapo akashikilia kwamba hawapokei Komunyo. Mambo yote mawili, mwandishi mmoja, waraka mmoja. Mama Vitumbua hapokei Komunyo mpaka leo. Anajua kwa nini, hajawahi kubisha, na Jumapili yuko benchi la tatu. Jumuiya haikuundwa kugawa Komunyo. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1973 na kuamua Kanisa la huku lijengwe juu ya jumuiya ndogo, walitaka waamini waishi imani kule wanakokaa, mahali mtu anamjua aliye nyuma ya ukuta wake.

Jambo jingine ambalo watu hawaulizi: kwa nini hawajafunga ndoa? Tunachukulia ni ukaidi. Nilivyokuja kuona nikiwa mwenyekiti, mara nyingi ni mahari haijaisha na wakwe wameweka ngumu, au wanaona aibu kufunga ndoa bila sherehe kwa kuwa wameshaona kamati za harusi zinavyokusanya mamilioni. Hao wana dawa. Parokia nyingi zina ndoa za pamoja, mnafungishwa kwenye Misa moja mko wengi, mnaenda kula nyumbani kwenu, mwisho. Wengine mwanaume ni Mwislamu na hawajui kwamba ndoa ya mseto inawezekana kwa ruhusa ya askofu. Wengine mmoja ana ndoa ya zamani ya kanisani, na hao njia yao ni ndefu, wanahitaji padre mvumilivu. Hutayajua haya ukiwa mlangoni na mfuko wa unga. Utayajua ukiwa umekaa naye jikoni unasubiri kitu ulichomuomba, na atakueleza mwenyewe siku akitaka.

Na huyo mwanaume! Swali lako lote limemzungumzia mama. Mwenyekiti naye kamsema mama. Mwanaume hahusiki? Anaishi nyumba gani? Msalimie, muulize kazi zinaendaje, na kaka au mume wako amwalike kwenye kazi za mikono za parokia. Sisi tunawatenga wanawake, na wanaume tunawaacha waendelee na bao lao.

Mdau mmoja hapo juu amesema hii ya kupokea kila mtu ni hatari. Namuelewa. Kumpa mtu nafasi hakumaanishi kumpa kila nafasi. Kijana ametoka jela kwa wizi, mkaribishe, mpe kazi ya kufunga turubai, mweke karibu na wazee, lakini usimkabidhi mfuko wa jumuiya mwezi wa kwanza, kwa faida yake yeye kwanza. Na mtu aliyedhuru mtoto hapewi kazi yoyote inayomweka karibu na watoto, hata akilia machozi ya damu. Huyo ana dawati la jinsia polisi, jumuiya si mahali pa kumaliza kesi yake. Jirani yako hayumo kwenye makundi hayo. Kosa lake lina hatari gani hasa kwa jumuiya? Muulize mwenyekiti akutajie.

La mwisho, ubatizo. Hapa naona mmechanganya. Barua ya jumuiya, ile anayosaini mwenyekiti, inamtambulisha mzazi kwa paroko, kwamba anafahamika na anakaa wapi. Viongozi wa jumuiya hawana mamlaka ya kumnyima mtoto ubatizo. Anayeamua ni paroko, na sheria ya Kanisa, kanuni ya 868, inamtaka aangalie mambo mawili: walau mzazi mmoja ameridhia, na kuna tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa katika imani. Paroko anaweza kuahirisha kama tumaini hilo halipo kabisa, na kila parokia ina utaratibu wake wa semina ya wazazi, kwa hiyo ulizeni mapema. Nendeni ofisini siku ya kazi, sio Jumapili baada ya Misa watu wamejaa. Msindikize, ila aongee yeye. Mwenyekiti akikataa kusaini, semeni hivyo hivyo kwa paroko, bila ugomvi.

Msimamizi awe Mkatoliki aliyepata kipaimara, anayepokea Ekaristi na anayeishi inavyotakiwa, na kwa kawaida awe ametimiza miaka 16. Akikuomba wewe uwe mama wa ubatizo, kubali. Asipokuomba usijipendekeze, huenda ana mtu wake.